Kwa Nini Nilikuwa Nikinusa Pegi

Siku mliyoniaga, kijana mmoja wenu alisimama na soda mkononi akauliza swali ambalo nadhani mmekuwa mkiulizana pembeni kwa miaka mingi. "Mama, kabla hujatoka mlango huu, tuambie. Kwa nini kila pegi ya mti inayoingia hapa ofisini unaikwaruza kwa ukucha, halafu unainusa?" Mlicheka wote, nami nikacheka, nikasema nitawaandikia. Mlidhani nakwepa. Haya, someni.

Jibu fupi ni Mtaa wa Minyaa. Mnaufahamu: unatoka karibu na stendi ya zamani, unateremka hadi pale lilipokuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Mnafahamu pia kona yake. Mtaa unakwenda umenyooka, nyumba baada ya nyumba, kisha unajikunja kama kiwiko na kuendelea na safari zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Bodaboda wanailalamikia. Wageni husema aliyeupima alikuwa amelewa. Aliyeupima ni mimi, na kitu kikali zaidi nilichowahi kunywa ni togwa.

Jibu refu linaanza siku yangu ya kwanza kazini.

Nilifika Bariadi kutoka kwetu Binza, pale Maswa, nikiwa na cheti cha upimaji ardhi, sketi mbili na viatu ambavyo havikufaa kwa udongo mweusi wa huku. Wakati huo tulikuwa bado chini ya Shinyanga, na Bariadi ilikuwa mji mdogo wa wilaya. Ofisi ilikuwa vyumba viwili. Meza ya ramani ilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Theodolaiti, yaani chombo kile cha kupimia pembe, ilikaa kwenye sanduku lake juu ya kabati, imefunikwa kanga, kama mgonjwa.

Aliyenipokea hakuwa mkuu wa ofisi. Alikuwa Mzee Nkwabi, mshika tepu. Kwa ninyi mnaopima kwa kubonyeza kitufe, nieleze: zamani umbali ulipimwa kwa tepu ya chuma ya mita thelathini. Mtu mmoja anashika mwanzo wa tepu, mwingine anashika mwisho, wanaivuta hadi inyooke, wanachomeka pegi, yaani kijiti cha alama, wanasogea mbele, wanaanza tena. Nkwabi alikuwa amevuta tepu hiyo tangu ujana wake. Shule aliishia darasa la nne, lakini alijua kila jiwe la mpaka, yaani bikoni, kuanzia mjini hadi njia ya Ngulyati, na alizitaja kama mtu anayetaja watoto wa ndugu zake.

Aliniangalia viatu, akaniangalia cheti, akasema, "Mayu, cheti chako kizuri. Sasa twende tukakichafue."

Mayu ni mama, lakini wazee wetu wa Kisukuma humwita hivyo hata binti mdogo, kwa heshima na kwa upendo. Aliniita hivyo mpaka mwisho, hata siku alizokuwa amenikasirikia.

Somo lake la kwanza halikuwa la hesabu. Tulifika kwenye nyumba ya kwanza, nami nikaanza kukunjua tepu. Akaninyang'anya. "Umemwamkia nani?" Nikasema sijaona mtu. "Umeingiza chuma uani kwa watu bila salamu. Wenyewe wataona nyoka." Akasimama getini, akaita "Mwangaluka!" mara mbili, akasubiri hadi sauti ya mwanamke ikajibu kutoka jikoni. Wakaulizana habari za nyumba, za mvua, za ng'ombe, za shemeji aliyekuwa mgonjwa. Ndipo tukapima. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima, lakini nyumba ile haikuwahi kung'oa bikoni yetu. Nyumba ambazo wapimaji wengine waliziruka salamu, bikoni zao tulizikuta jikoni, zimegeuzwa mafiga.

Somo la pili lilikuwa la jua. Tepu ya chuma hurefuka ikipata joto. Kidogo tu, lakini ukipima mtaa mzima saa nane mchana, kidogo hicho kinakuwa ugomvi wa majirani. Kwa hiyo tulianza kazi umande ukiwa bado majanini. Somo la tatu lilihusu minyaa. Mnaijua, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani, ambao wenzetu wengine huuita manyara. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukosa kuona siku nzima, au usione tena kabisa. "Ukiukata," alisema Nkwabi, "simama upande unakotoka upepo. Na usiujibu ukikurushia."

Jambo moja lilinishangaza mapema. Kila nilipotaja njia ya kwenda lamboni, Nkwabi alikuwa na shughuli kwingine. "Kule kulishapimwa zamani," alisema. "Kule hakuna kazi." Nilimwamini. Nilikuwa mgeni, naye alikuwa hajawahi kunidanganya.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mliozaliwa baadaye mnaona duka lenye sabuni kama jambo la kawaida. Sisi tulitoka kwenye miaka ya duka la ushirika lenye mhudumu mmoja, mizani moja na rafu tupu zilizofutwa vumbi kila asubuhi. Ghafla watu wakaruhusiwa kuuza na kununua. Mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai. Bati zikaonekana. Na kwa kuwa hapa kwetu ni nchi ya pamba, wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na malori yake, kila mmoja akitafuta mahali pa kujenga ghala.

Ofisi yetu ndogo ikajaa watu. Mtu aliyekuwa ameishi miaka kumi bila kuuliza mpaka wake uko wapi, sasa alifika saa mbili asubuhi akitaka kuujua kabla ya saa nne. Nilipenda kazi kipindi kile kuliko kipindi kingine chochote. Kila siku nilijifunza kitu kuhusu mji ambao nilidhani naujua.

Mmoja wa hao wanunuzi alikuwa Bwana Sayi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, mwenyeji wa hapahapa. Alipewa kiwanja kikubwa upande wa magharibi wa njia ya lamboni, ambako kulikuwa bado wazi, na akaanza kuchimba msingi wa ghala lake. Aliomba jambo moja tu, na lilikuwa la haki: barabara iliyochorwa kwenye ramani ya mji ifunguliwe ili malori yapite. Wakati huo pale palikuwa na njia ya ng'ombe tu. Upande wa mashariki palikuwa na nyumba tisa, zimejipanga nyuma ya ua mrefu wa minyaa.

Nikatumwa mimi. Nkwabi alisema mgongo unamuuma, nikaenda na vibarua.

Daftari la upimaji wa zamani wa eneo lile lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi jina la mpimaji. Lakini bikoni mbili za mwisho zilikuwepo, moja juu karibu na stendi, nyingine chini karibu na lambo. Ukiwa na ncha mbili za mstari ulionyooka, hata kama katikati hukuona kitu, unaweza kuurudisha mstari wote. Niliusimamisha, nikapima, nikapima tena, nikabadilisha vibarua nikapima mara ya tatu. Jibu lilikuwa moja. Nyumba zote tisa zilikuwa zimesogea mbele mita tatu ndani ya barabara.

Kwa nyumba nane, mita hizo tatu zilikuwa ua, mabanda ya kuku na kamba za kuanikia nguo. Kwa nyumba ya Mama Mbuke zilikuwa chumba.

Mama Mbuke alikuwa fundi cherehani. Mumewe alikuwa na mashamba na ng'ombe Ngulyati na hakupenda mji. Yeye alibaki mjini na watoto, akishona sare za shule, na kwa sare hizo alijenga chumba cha mbele, tofali kwa tofali, hadi kikapata dirisha la kupokelea wateja. Aliwahi kuniambia kwamba katika maisha yake yote, chumba kile ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyekihesabu kwa ng'ombe.

Utaratibu ulitaka alama nyekundu ukutani. Sikutaka kumtuma mtu mwingine. Nilikwenda na kopo la rangi na brashi, nikaamkia kama nilivyofundishwa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Alitoka, futikamba ikining'inia shingoni. "Leo umekuja na rangi. Unanipambia?"

"Ni alama ya ofisi, mama. Barabara inapita hapa."

"Hapa wapi?"

Nilimwonyesha. Alifuata kidole changu kupitia dirishani hadi ukuta wa ndani, nyuma ya cherehani.

"Chumba chote?"

"Chumba chote."

"Mpaka lini?"

"Siku thelathini."

Kuku walipita kati yetu. Nikainua brashi, nikachora ile X. Aliitazama, akainamisha kichwa kama anavyotazama pindo la gauni.

"Mstari wa kushoto umepinda," alisema. "Kama umeamua kunivunjia, basi nyoosha."

Niliunyoosha. Nikarudi ofisini nikaandika taarifa yangu, nikatia sahihi. Hesabu zilikuwa sahihi. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilijua kilichonisumbua. Hakikuwa huruma peke yake. Kilikuwa swali.

Wadogo zangu, hapa nisikilizeni, maana hili ndilo nililotaka kuwaachia. Mtu mmoja akivamia barabara, ni mvamizi. Watu tisa wakivamia barabara, kila mmoja kwa mita tatu, bila kuzidi wala kupungua, hao si wavamizi. Hao wamefuata kitu. Wavamizi hawapangani sawa hivyo. Nilitaka kujua walifuata nini.

Nilirudi kwa Mama Mbuke asubuhi ile, na bila rangi. Nikamuuliza alijuaje mwisho wa kiwanja chake wakati anajenga.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. "Minyaa," alisema. "Tulipopewa viwanja tuliambiwa mpaka ni pale walipopita wapimaji. Tulikuta minyaa imesimama mstari mmoja kutoka juu hadi lamboni. Nani angetuambia si mpaka? Kwa baba yangu mpaka ni minyaa. Kwa babu yangu ni minyaa. Mtu akiing'oa, wazee wanakaa kikao."

"Ninyi hamkuipanda?"

"Tulijaza mapengo. Ile minene tuliikuta."

Ile minene. Nilianza kutembea kando ya ua, nikitenganisha kwa macho mashina manene kama paja na vijiti vya baadaye. Nilipopata shina la kwanza, nikatembea hadi la pili, kisha la tatu. Hatua zangu nazijua. Nikarudi kuchukua tepu, nikamwomba Mama Mbuke anishikie mwanzo. Alishika sawasawa, kama fundi. Kutoka shina hadi shina: mita thelathini. Hadi linalofuata: mita thelathini. Tulikwenda hivyo hadi karibu na lambo, na kila kipimo kilipopungua, kilipungua kwa upana wa kiganja tu.

Sasa fikirini nami. Viwanja vya pale vina upana wa mita ishirini. Hakuna mtu anayepanda mnyaa katikati ya uso wa kiwanja chake akaruka sehemu nyingine. Ni kitu gani duniani kinachokwenda kwa thelathini, thelathini, thelathini?

"Tepu yako," alisema Mama Mbuke kabla yangu. Alikuwa ameishika bado.

Nilimkuta Nkwabi nyuma ya ofisi, akipaka mafuta miguu ya theodolaiti. Nilikaa kwenye tofali mbele yake. Sikumshtaki. Nilimwambia tu nilichopima, shina kwa shina. Aliendelea kupaka mafuta mguu uleule kwa muda mrefu.

"Mayu," alisema hatimaye, "nilijua wewe utaona. Ulivyo na maswali."

Akanieleza. Miaka mingi nyuma, upimaji wa kwanza ulipofika pale, mstari halisi ulikuwa unapita ndani kidogo ya ukingo wa shamba la pamba iliyokuwa imekaribia kuchanua. Wenye shamba walikataa isikatwe, na mpimaji wa siku zile akaona wana haki. Akafanya kile ambacho ninyi mmefundishwa darasani: akavuta mstari wa pembeni, sambamba na ule wa kweli, mita tatu kando yake, nje ya pamba, kando ya njia ya ng'ombe ambako kulikuwa kweupe. Pegi zikachomekwa kwenye mstari wa pembeni. Kutoka hapo wakapima kuingia shambani na kuzika bikoni za kweli katikati ya matuta. Mstari wa pembeni ni kama jukwaa la fundi mwashi: kazi ikiisha unalibomoa.

Lakini ilikuwa miaka ya rafu tupu. Hakukuwa na mbao za pegi, hakukuwa na vyuma. Nkwabi akakata matawi manene ya minyaa. Na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, hakutaka utomvu uwarukie wenzake machoni wakati wa kugonga nyundo. Kwa hiyo akayaanika matawi yale siku mbili kivulini hadi vidonda vikakauka, ndipo akayachomeka.

Nilishindwa kujizuia. "Baba, lakini hivyo ndivyo watu wanavyopanda minyaa!"

"Nimekwambia sikujua?"

Tulitazamana. Sijui nani alianza kucheka, lakini tulicheka hadi mhudumu akachungulia dirishani. Kisha Nkwabi akaacha kucheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta.

"Turudi wiki inayofuata kuzing'oa, ndivyo tulivyopanga. Petroli ikaisha. Mvua ikanyesha. Plau za ng'ombe zikafukia bikoni shambani. Mwaka wa pili nilipita nikaona zimeota, nikasema nitamwambia mkuu. Mkuu akahamishwa. Mwaka wa nne watu wakaanza kujenga. Ukishachelewa kusema, mayu, kila mwaka unachelewa zaidi."

"Mama Mbuke anavunjiwa chumba," nilisema.

"Nimesikia."

"Zimebaki siku ishirini na tisa."

Alirudia miguu ya theodolaiti. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nami sikutaka kumlazimisha, ingawa nilijua kwamba bila yeye nilichokuwa nacho ni mashina ya miti tu, na mkuu wetu hakuwa mtu wa kubadilisha ramani kwa ajili ya miti.

Nilihitaji ushahidi mwingine. Nikapiga hesabu. Mashina yako kila mita thelathini, kona za viwanja kila mita ishirini. Kwenye mita ya sitini vinakutana. Mita ya sitini ilikuwa kona ya Mama Mbuke. Kama Nkwabi alisema kweli, basi mita tatu nyuma ya shina lile, ardhini, kulikuwa na bikoni ya kweli. Na mita tatu nyuma ya shina lile palikuwa chini ya cherehani.

Nilimweleza Mama Mbuke bila kuficha. Nilimwambia kwamba tukichimba tukaipata, itathibitisha kwamba kwa ramani, chumba chake kiko barabarani kweli. Lakini pia itathibitisha kwamba minyaa iliwekwa na ofisi, si na yeye. Jiwe hilohilo linaweza kumvunjia au kumwokoa, na sikujua lipi.

Alifikiri huku akichomoa pini mdomoni moja moja.

"Mimi nikishona gauni likakataa kukaa," alisema, "sifichi mshono. Naufumua nione kosa liko wapi. Chimbeni."

Tulipofika na sururu kesho yake, Nkwabi alikuwa amekaa kizingitini. Mgongo haukumuuma. Aliamkia, akaulizia watoto, Ngulyati, ng'ombe. Kisha akasogeza cherehani mwenyewe, akapiga magoti, akapima sakafu kwa kiganja na kuweka kidole mahali pamoja.

"Hapa."

Sururu iligonga saruji kwenye kina cha mkono. Akafukua kwa vidole. Kikatokea kichwa cha bikoni, kipande cha nondo katikati, safi kana kwamba kilizikwa jana. Nkwabi alikipangusa udongo taratibu. Hata Mama Mbuke, ambaye nyumba yake ilikuwa inategemea kipande kile, aliinama kukitazama.

"Nimekuwa nikishona juu yako miaka yote hii," alikiambia.

Mkuu wa ofisi aliitisha kikao palepale mtaani, mbele ya nyumba. Walikuja wakazi wa nyumba tisa, akaja Bwana Sayi na mafundi wake. Nilieleza vipimo. Bwana Sayi alisikiliza vizuri, kisha akasema kwa ile sauti yake nyembamba:

"Mimi sina ugomvi na mama huyu. Sare za watoto wangu zimetoka dirisha hilo. Lakini nimefuata ramani. Mtu akifuata ramani naye aonekane mkosaji?"

"Na mimi nilifuata minyaa," alisema Mama Mbuke. "Nayo ilikuwa ya ofisi, ila ofisi ilisahau kunieleza kwamba ni ya muda."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. "Nani anathibitisha kwamba minyaa hii iliwekwa na wapimaji?"

Niliangalia viatu vyangu. Kisha nikasikia Nkwabi akikohoa.

"Niliikata mimi, mkuu. Kwa panga hili langu. Nikaianika, nikaichomeka."

"Hukujua kwamba minyaa huota?"

"Mkuu, mimi ni Msukuma."

Safari hii hata mkuu alishindwa. Walipotulia, Nkwabi akaendelea, akiwa amevua kofia. "Nilijua inaota, na nilijua watu wanajenga, na nilinyamaza. Kama kuna wa kuandikiwa barua ya onyo, niandikiwe mimi. Mama huyu asivunjiwe kwa panga langu."

Hapo ndipo nilipokunjua mchoro niliokuwa nimeuandaa. Upande wa Bwana Sayi, nyuma ya kiwanja chake, palikuwa na uwanda wa wazi. Barabara ingeweza kujikunja mita tatu kuelekea kwake mbele ya nyumba zile tisa, na kiwanja chake kingerudi nyuma mita tatu. Hapungukiwi kitu. Na pale kwenye kona, lori linaloingia ghalani lingepata nafasi ya kugeuka bila kupanda ukuta wa mtu.

Bwana Sayi alizunguka mchoro ule kama mtu anayenunua ng'ombe. "Na msingi wangu? Nimechimba tayari upande wa mbele wote."

"Utafukiwa," nilisema.

"Na nani?"

"Na sisi."

Akamtazama Nkwabi. "Mzee huyu akishika koleo la kwanza, nakubali."

Jumamosi iliyofuata ofisi yote ilikwenda kufukia msingi. Mkuu alikuja na kaptura, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kabla wala baada ya hapo. Nkwabi alishika koleo la kwanza, na la mwisho pia, akikataa kupokewa. Mama Mbuke alituletea uji wa ulezi kwenye ndoo. Mchana tulichomeka pegi za mstari mpya. Mama Mbuke alipita akizikagua moja moja, akakwaruza moja kwa ukucha, akainusa.

"Hizi zimekufa kweli?" aliuliza.

"Za mbao za mninga, zimekaushwa, ncha zimechomwa moto," Nkwabi alijibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Tangu siku hiyo mimi nami nakwaruza na kunusa. Sasa mmejua.

Nkwabi aliandikiwa barua, naye aliikunja akaiweka kwenye sanduku la theodolaiti, na alistaafu mwaka uliofuata kama alivyotarajia. Ramani iliporekebishwa, pembeni mwa kona niliandika kwa mkono: mstari huu unafuata minyaa iliyokuwepo. Alikuja ofisini kuiona. Alinitaka nimsomee maneno yale mara mbili, ingawa kusoma alijua.

Mengine mnayajua. Tepu ya chuma ikaondoka, vikaja vyombo vya kupima kwa mwanga, kisha hivi vyenu vinavyoongea na setilaiti. Mkoa ukaja na maofisi yake, lami ikafika, lambo likafukiwa. Ninapenda vyombo vyenu, na ningekuwa kijana ningevigombania. Ila vitawaambia kitu kiko wapi tu. Kwa nini kiko hapo, itabidi muamkie mwenye nyumba.

Wiki iliyopita nilikwenda kushonesha gauni kwa Mama Mbuke. Nywele zake ni nyeupe, cherehani sasa ni ya umeme, na kwenye ukuta wa mbele, chini ya rangi tatu tofauti, ukiinamisha kichwa bado unaiona ile X yangu. Sakafuni, chini ya kiti chake, kuna mviringo wa saruji mpya kuliko nyingine. Bikoni bado iko humo. Alikataa tuitoe.

Nje, bodaboda alikata kona akipiga honi. Mama Mbuke alizungusha futikamba kiunoni mwangu, akasoma, akaipeleka begani, akairudisha kiunoni, akasoma tena.

"Unarudia," nilimwambia.

"Nilifundishwa na mtu mmoja. Alipima mara tatu, bado alikosea." Akanisukuma kidogo bega la kushoto. "Simama wima, mayu. Leo napima mimi."